Binti wa Simu ya Majirani

Soko la Alhamisi la mjini Plovdiv halijali jina lake; hujaa watu siku zote, na Jumamosi ile ya mwanzo wa Juni lilifurika hata mtu akitaka kupiga chafya ilibidi aombe nafasi. Zornitsa alikuwa ameinama juu ya kasha la cheri. Alivaa gauni la kitani la rangi ya limau, lenye vifungo vyeupe mgongoni, na nywele zake nyeusi alizibana juu kwa chanuo. Alikuwa anaonja cheri baada ya cheri bila kununua, na muuzaji ameshaanza kumkunjia uso, aliposikia kitu cha moto kikimgusa kiunoni.

Aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye unga hadi viwikoni, ameshika sinia ya banitsa, ule mkate wa tabaka wa jibini, iliyotoka tanurini sasa hivi. Siagi yake ilikuwa imeshachora doa kubwa kwenye gauni.

"Samahani, dada," alisema. "Lakini na wewe umeegesha njiani kama lori."

"Lori?"

"Lori zuri. Jipya, halijapata hata mkwaruzo."

Zornitsa alitaka kukasirika, lakini harufu ya siagi na jibini ilimfika puani na tumbo lake likamsaliti kwa kunguruma. Yule mwanamume alilisikia. Akamkatia kipande kwa mkono.

"Kula. Hii faini yangu. Ukishiba utanitukana vizuri."

Alikula amesimama, akiunguza ulimi, na matusi yote yakampotea. Aliitwa Ognyan, kwa kifupi Ogi, na duka lake la mikate lilikuwa ng'ambo ya reli.

"Ng'ambo ya reli? Si ndiko kunakonuka?" Zornitsa aliuliza.

Tabasamu la Ogi lilipungua. "Ndiko. Kuna kiwanda kinachochemsha mabaki ya machinjioni. Utumbo, manyoya, damu. Upepo ukitoka huko, wanatuchemsha na sisi. Haya, wewe je, unafanya kazi gani ukiacha kuzuia njia?"

"Hoteli niliyokuwa mapokezi ilifungwa. Jumatatu naanza kwingine. Mratibu wa Mahusiano na Jamii, kampuni ya chakula cha mifugo."

"Huyo mratibu anafanya nini?"

"Sijui. Nafasi ndiyo kwanza imeundwa. Walioniajiri walisema nitaelezwa nikifika."

Ogi alicheka mpaka sinia ikayumba. "Basi ukielezwa, nipigie simu unieleze na mimi." Akamwandikia namba yake kwenye mfuko wa cheri, ambazo mwishowe yeye ndiye aliyemnunulia.

Jumatatu Zornitsa alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na viatu vya kisigino kifupi. Usaili ulikuwa umefanyika katika ofisi nzuri katikati ya mji, ghorofani, penye maua. Hakuwa amefika kiwandani hata mara moja. Teksi ilipovuka reli, dereva alifunga madirisha bila kuambiwa. Hapo akakumbuka maneno ya Ogi.

Harufu haikumjia puani tu. Ilimkaa ulimini kama mafuta yaliyoganda, nzito, tamutamu, ya kitu kilichokufa zamani na bado kinapashwa moto. Alipofika uani aliona lori likimwaga mzigo wake: rundo la kijivu lenye kuteleza, nzi wamelifunika kama shali. Alitapika kwenye ukuta, kwenye viatu vyake vipya, siku yake ya kwanza ya kazi.

Mkurugenzi Karadzhov alimpokea katika chumba chenye marashi. Alikuwa mtu mnene, mwenye pete iliyozama kidoleni, na kila baada ya sentensi mbili tatu alipuliza dawa ya yasmini hewani. Yasmini juu ya mzoga. Zornitsa hakujua lipi lilikuwa baya zaidi.

"Karibu. Nafasi yako ni mpya na sisi tunaijivunia," Karadzhov alisema, huku anakata soseji kwa kisu kidogo na kuila kutoka kwenye karatasi.

"Asante, Bwana Mkurugenzi. Nianze na nini?"

"Anza."

"Ndiyo, lakini na nini? Nani atanielekeza?"

"Binti, ningekuwa najua kazi yenyewe ningekuajiri wewe? Nafasi ni yako, ijaze. Na usinisumbue na vitu vidogovidogo."

Akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mabuti ya mpira, meza yenye mguu mmoja mfupi, na simu ya mkononi. Namba ya simu hiyo ilikuwa imeshabandikwa kwenye lango la kiwanda: *Simu ya Majirani. Tunakusikiliza.* Kabla hajaketi, ikalia.

"Wewe nani?" sauti ya bibi kizee iliuliza.

"Ofisi ya majirani, karibu."

"Basi karibu wewe kwangu, mwanangu, uje unuse mto ninaolalia. Nimeufua jana. Unanuka ngozi ya kuku."

Bibi huyo aliitwa Stoyna. Alipiga kesho yake pia, na siku iliyofuata. Wengine walipiga kutukana. Mmoja alikohoa tu kwenye simu mpaka akachoka. Zornitsa alikwenda kwa fundi kuuliza kuhusu vichujio vya hewa, fundi akamwambia hilo si la ofisi yake. Akamuuliza mhasibu lipi basi ni la ofisi yake, mhasibu akamwambia amuulize mkurugenzi. Mkurugenzi akapuliza yasmini. "Wasikilize tu," alisema. "Si ndivyo tulivyoandika langoni?"

Hivyo akasikiliza, na kila siku alizidi kujiona kama ndoo inayopokea matapishi ya watu kisha inarudishwa mahali pake.

Jioni ndiyo iliyokuwa na maisha. Alimpigia Ogi mwishoni mwa wiki ile ile.

"Halo, lori langu," Ogi alisema. "Ulielezwa kazi?"

Zornitsa alinusa mkono wake. Angeweza kusema pale pale. "Bado," alisema. "Ni mambo ya ofisi tu. Nitoe nje, nimechoka."

Walikutana Kapana, kwenye vile vichochoro vya mikahawa, wakanywa mvinyo baridi na kugombania sahani ya kachumbari ya nyanya na jibini. Ogi alijua kuchekesha, na alijua pia kunyamaza mtu akizungumza. Kila mara kabla ya kutoka, Zornitsa alijisugua kwa limau na siki, akaosha nywele mpaka ngozi ya kichwa ikawasha, akavaa gauni lililotundikwa mbali na nguo za kazi.

"Kwa nini unanukia limau siku zote?" Ogi alimuuliza siku moja, pua yake shingoni kwake, wakiwa wameketi kwenye ngazi za kilima.

"Hupendi?"

"Napenda. Nauliza tu, mpenzi. Mwokaji anaishi kwa pua."

Mwezi Julai walikuwa wapenzi wasiofichika. Ogi alimpikia, akamlaza kifuani, akamwambia anataka watoto wenye meno yaliyopishana kama ya Zornitsa. Na katikati ya maneno matamu, Ogi alikuwa akisimulia habari za kiwanda: wateja wanaokuja dukani wakiwa wameziba pua na kwenda zao bila kununua, shangazi yake aliyemlea, anayekula chakula cha mchana chooni kwa sababu ndiko kusikokuwa na dirisha.

"Kuna mwanamke wamemweka kwenye simu," Ogi alisema. "Shangazi naye humpigia. Anasema ni binti mpole. Mimi nasema ni takataka. Mtu gani anakubali kulipwa ili akuambie 'pole' huku mwenzake anakukaba?"

Zornitsa alikuwa anatafuna. Mkate ulimgeukia mdomoni ukawa pamba. Aliumeza, na pamoja nao akameza neno alilokuwa amejiandaa kulisema kwa majuma kadhaa. Alijichukia kuliko alivyokichukia kiwanda.

Agosti joto lilipanda, barabara zikalainika. Mchana mmoja simu ya majirani ikalia.

"Ofisi ya majirani, karibu."

"Sikiliza wewe. Nimeoka mkate wa harusi, wa maua, nimekesha nao. Mama wa bwana harusi ameunusa akaurudisha. Amesema unanuka maiti. Nataka kujua ni nani huko anaye—"

Sauti ikakatika. Zornitsa aliibana simu kwa mikono miwili. Aliijua pumzi ile. Alikuwa ameisikia sikioni mwake juzi.

"Zori?" Ogi aliuliza, polepole.

"Ogi, nisikilize."

"Sema tena vile. Sema 'karibu.'"

"Nilitaka kukuambia. Siku ya kwanza nilikuwa sijui ni kiwanda hiki, na nilipojua—"

"Ulitumwa sokoni?"

"Siku ile kazi nilikuwa sijaanza."

"Kwa hiyo limau lile lilikuwa la kusugulia uozo. Nimekuwa naubusu uozo wao miezi yote hii na kuusifu." Alivuta pumzi. "Unanitia kinyaa, Zornitsa."

Simu ikakatwa. Alibaki ameketi kati ya mabuti ya mpira, na machozi yake mwenyewe aliyaona yana mafuta.

Katibu wa mkurugenzi alisikia kilio, akauliza, akaambiwa, akapeleka habari. Haikuchukua muda Karadzhov akamwita. Safari hii alimvutia kiti.

"Mbona hukusema mapema?" aliuliza, uso umechangamka. "Mwokaji ndiye anayewachochea wale wote. Na wewe umeshamweka mfukoni."

"Tumeachana."

"Mrudie. Lia kidogo, vaa vizuri. Mwanamume akishiba kitandani hana nguvu ya kulalamika." Alifuta soseji mdomoni kwa kiganja. "Tangu Juni unaniuliza kazi yako ni nini. Basi ndiyo hiyo."

Zornitsa alimtazama yale mafuta yaliyong'aa kidevuni, na nyuzi za nyama kwenye meno. Alikuwa ameshazoea harufu ya uani kiasi cha kula biskuti mezani kwake. Lakini hii ilimpanda kooni upya. Ilibidi asimame, ashike ukingo wa meza.

"Kitu kingine," Karadzhov aliendelea bila kuona. "Bibi Velcheva anakuja kutoka Sofia wiki ijayo, mmiliki mwenyewe. Anataka kuona tunaelewana na watu. Andaa chakula cha mchana, mahali pazuri, majirani wachache wenye tabasamu. Wewe si ndiye wa mahusiano?"

"Mahali popote?"

"Popote, popote. Nimeshakwambia vitu vidogo usiniletee."

Zornitsa alirudi kwenye chumba cha mabuti, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyempigia Bibi Stoyna.

"Bibi, ukumbi wako uani, ule wenye mzabibu, bado unao?"

"Upo, mwanangu. Nani anaweza kukaa hapo?"

"Nataka kukuletea wageni."

Kizee kile kikacheka kicheko kikavu. "Nitatandika kitambaa cheupe. Lakini mkate nitamwagiza mtoto wa kaka yangu. Ni mwokaji. Ana hasira siku hizi, sijui nani kamuudhi."

"Nani? Anaitwa nani?"

"Ognyan."

Zornitsa alifumba macho. Kumbe bibi wa mto na yule shangazi anayekula chooni walikuwa mtu mmoja, na yeye alikuwa amemsikiliza kiangazi kizima bila kujua. "Usimwambie ni mimi, Shangazi," alisema.

Siku ya wageni Karadzhov, kwa werevu wake, aliamuru matangi ya kuchemshia yazimwe tangu alfajiri ili moshi usionekane. Malori yalikuja kama kawaida, hayakuwa na pa kumwaga, yakajipanga nje ya lango, bila turubai, juani. Zornitsa aliyaona alipokuwa anapita. Majimaji meusi yalikuwa yanadondoka chini na kufanya vidimbwi. Angeweza kwenda kumwambia mkurugenzi. Akakumbuka kwamba alikatazwa kumletea vitu vidogo, akaendelea na safari yake.

Bibi Velcheva alifika amevaa suti ya kitani nyeupe, miwani mieusi, hereni za lulu. Karadzhov alimshika kiwiko kama anayeshika yai. Chini ya mzabibu wa Stoyna meza ilipendeza: pilipili hoho zilizojazwa wali, supu baridi ya mtindi na tango, bizari ikielea juu. Majirani waliketi wameoga, wamevaa nguo za kanisani, kimya. Ogi aliingia na kapu la mikate, akamwona Zornitsa kichwani pa meza, akasimama kama aliyepigwa kofi. Zornitsa alivaa lile gauni la rangi ya limau. Doa la siagi lilikuwa halijatoka.

"Karibuni sana," Zornitsa alisema, akiwatazama wageni, si Ogi.

Upepo ukageuka.

Haukuja kwa kishindo. Majani ya mzabibu yaliinuka kidogo, kisha kile kitu kikaingia uani na kuketi nao mezani. Nzi walikuja nyuma yake. Walitua kwenye supu, kwenye kitambaa, kwenye midomo ya bakuli. Karadzhov alipapasa mfukoni akitafuta kopo lake la yasmini, akapuliza. Sasa kukanuka maiti iliyopambwa. Bibi Velcheva alikuwa ameshatia kijiko mdomoni. Watu wote walimwangalia akijitahidi kumeza. Hakuweza. Aliinuka, akafika hadi kwenye mawaridi, akatapika ameshika mti wa uzio, na suti nyeupe haikusalimika.

Stoyna alimpelekea maji. "Pole, mama," alisema. "Na sisi tulianza hivyohivyo. Unywe kidogokidogo."

Mmiliki alijifuta. Macho yalikuwa mekundu. "Nani aliyechagua mahali hapa?"

"Mimi," Zornitsa alisema.

"Hiyo ndiyo kazi yako?"

"Sijawahi kuelezwa kazi yangu, Bibi. Agizo nililopewa ni moja tu, nilale na mwokaji ili anyamaze. Nikaona labda hii ni bora."

Karadzhov alifungua mdomo, nzi akatua kwenye mdomo wa chini, akaufunga. "Umekwisha," alimnong'oneza alipopita.

"Najua," Zornitsa alisema, na kumpa simu ya majirani mkononi. Ilikuwa inalia.

Mambo hayakunyooka kama katika ngano. Bibi Velcheva aliondoka bila kumshukuru mtu. Zornitsa aliachishwa kazi siku ile ile, na nafasi yake ikafutwa. Pale langoni tangazo likabanduliwa. Lakini kabla ya mwisho wa Septemba ua wa malori ulikuwa umeezekwa na kuta zake kufungwa, vichujio vikaletwa, na Karadzhov akahamishiwa mahali ambapo hakuna aliyetaka kupajua. Harufu ilipungua. Kwisha haikwisha.

Ogi alipiga simu mara nyingi. Zornitsa hakupokea. Alikuwa anashinda nyumbani, mtaa wa Trakia, ghorofa ya juu, hawezi kula nyama, akinusa mikono yake. Siku moja kengele ikalia, akamkuta mlangoni, amenyoa, amevaa shati la bluu lililokunjamana, hana kitu mkononi.

"Sikuleta mkate," Ogi alisema. "Niliogopa utadhani nakuhonga."

"Unataka nini?"

"Nilisema neno baya. Nimekuja kulirudisha."

"Neno halirudi, Ogi. Tangu siku ile najinusa kama mbwa. Naoga, natoka, naoga tena. Hiyo ni kazi ya mdomo wako, si ya kiwanda."

Alitikiswa na jambo hilo, ilionekana. "Niliumia," alisema. "Nilidhani nimechezewa. Lakini hata kama ningechezewa kweli, lile lilikuwa neno la mtu mchafu. Mimi ndiye niliyenuka siku ile, Zori."

"Na mimi nilikuficha. Ulipomwita yule wa simu takataka, nilipaswa kusema ni mimi. Niliendelea kutafuna."

"Ulikuwa mkate wangu. Ungeutema?"

Zornitsa alijizuia kucheka, akashindwa. Hakumkaribisha ndani siku ile. Lakini alipopigiwa simu jioni, alipokea, na wakazungumza hadi betri ya Ogi ikaisha katikati ya sentensi.

Oktoba Stoyna aliwaita kuchoma pilipili hoho za kutengenezea sosi ya kuweka akiba ya majira ya baridi. Walikaa chini ya mzabibu, vidole vimekuwa vyekundu, moshi mtamu wa pilipili umejaa uani. Zornitsa alifunga kitambaa kichwani na aproni ya shangazi iliyomzunguka mara mbili. Alikuwa anaanza kazi katika hoteli nyingine wiki ile, mapokezi, kazi inayojulikana. Ogi alimenya pilipili moja kwa muda mrefu mno.

"Hiyo imeshabaki mbegu tupu," Zornitsa alimwambia. "Una nini?"

"Nilikuwa nimepanga hotuba."

"Ya nini?"

Akapiga magoti kati ya maganda, mikono yake ikichuruzika maji mekundu. "Nimeisahau. Ilikuwa ndefu, ilikuwa na msamaha ndani yake, na sehemu inayohusu duka. Mwisho wake ulikuwa, unikubalie nikuoe."

Zornitsa alimtazama. Alitaka kumchelewesha kidogo, auonje woga wake, maana bado alimdai kwa lile neno. Hapo majani ya mzabibu yakainuka, upepo ukageuka kutoka ng'ambo ya reli, na ile harufu, dhaifu kuliko ya Agosti lakini ni ile ile, ikapenya moshi wa pilipili na kuwafikia puani wote watatu.

Stoyna aliweka kisu chini, akajiziba pua kwa upindo wa gauni.

"Mwanangu, kama ni ndiyo, sema upesi," alisema kwa sauti ya kubanwa. "Tuingie ndani tufunge dirisha."

Zornitsa naye alikuwa ameziba pua. Akasema ndiyo kupitia vidole vyake, na wakakimbilia ndani wakiwa wamebeba beseni la pilipili kati yao.